Marufuku ya sigara nje: ina meno, au ni kibao tu?

Baridi ikiisha na watu wa St. James Town wakianza kukaa nje, maswali mawili huja ofisini kwetu kila wiki. La kwanza huulizwa na wazazi: "Pale watoto wanapocheza kuna kibao cha kukataza sigara, na watu wanavuta wakiwa wamekiegemea. Sasa sheria iko wapi?" La pili huulizwa na wanaovuta, mara nyingi kwa sauti ya chini: "Nikishuka chini nikawasha sigara, nitakamatwa?"

Ukiyaangalia vizuri, maswali haya ni moja. Yote mawili yanauliza kama marufuku ya kuvuta sigara nje, mahali pa watu wote, yanaweza kutekelezwa kweli. Jibu fupi ni hili: kuna mahali yanatekelezwa vizuri, kuna mahali yanatekelezwa kwa shida, na kuna mahali marufuku yenyewe hayafiki kabisa ingawa hatari iko. Makala hii inaeleza tofauti hiyo, na nini cha kufanya ukiwa upande wowote.

Sheria zenyewe ni zipi

Kuna ngazi mbili za sheria. Ya kwanza ni ya jimbo la Ontario. Inaitwa Smoke-Free Ontario Act ya mwaka 2017, na ilianza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018, siku ileile bangi iliporuhusiwa kisheria Kanada. Inahusu vitu vitatu kwa pamoja: sigara ya tumbaku, bangi, na sigara ya elektroniki ambayo vijana wanaiita vepu. Ya pili ni sheria ndogo za jiji la Toronto, ambazo zinaongeza mahali pengine.

Kwa maisha ya kila siku hapa mtaani, haya ndiyo ya kukumbuka:

- Shule: hairuhusiwi kuvuta ndani ya eneo la shule wala ndani ya mita 20 kutoka mpaka wake. Hii inagusa njia za miguu zinazozunguka Rose Avenue na Our Lady of Lourdes.
- Viwanja vya kuchezea watoto na viwanja vya michezo vya umma: hairuhusiwi ndani yake wala ndani ya mita 20.
- Vituo vya jamii vya michezo na burudani, kama Wellesley Community Centre pale Sherbourne: hairuhusiwi kwenye eneo lake wala ndani ya mita 20.
- Hospitali: hairuhusiwi kwenye eneo lote la nje la hospitali.
- Migahawa na baa zenye meza nje: hairuhusiwi kwenye meza hizo wala ndani ya mita 9.
- Milango ya majengo yanayotumiwa na umma: sheria ya jiji inakataza ndani ya mita 9 kutoka mlangoni.
- Vibanda vya basi vyenye paa na kuta zaidi ya mbili: hairuhusiwi ndani yake, hata kama mvua inanyesha na uko peke yako.
- Ndani ya ghorofa tunazoishi: hairuhusiwi kwenye lifti, korido, ngazi, chumba cha kufulia, maegesho ya chini, wala ukumbi wa kuingilia.
- Ndani ya gari: hairuhusiwi kuvuta sigara au vepu kama kuna mtoto wa chini ya miaka 16 ndani ya gari hilo.

Mita 9 ni kama hatua 12 za mtu mzima. Mita 20 ni kama hatua 27. Hesabu mara moja kutoka kwenye uzio wa uwanja wa watoto hadi pale unapopenda kusimama, utajua uko wapi.

Kumbuka pia kwamba kushika sigara iliyowashwa ni sawa na kuvuta. Mtu hawezi kujitetea kwa kusema, "Nilikuwa nimeishika tu, sikuiweka mdomoni."

Na ambapo hapajakatazwa? Njia ya kawaida ya miguu, mbali na mahali tulipotaja, haijakatazwa. Mtu anayevuta akitembea kando ya Wellesley Street si mvunja sheria kwa sababu tu anavuta nje. Wengine wetu tunafikiri kila moshi tunaoukuta njiani ni kosa. Sivyo, na ni vizuri kujua hilo kabla ya kumgombeza mtu.

Jambo jingine wageni wengi hawalijui: wenyeji wa asili wa nchi hii hutumia tumbaku katika ibada na mila zao tangu zamani, na sheria ya Ontario inalinda matumizi hayo. Ukikuta sherehe ya namna hiyo, usiichukulie kama watu wanaodharau kibao.

Nani anasimamia sheria hii

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Sheria ya jimbo inasimamiwa na maafisa wa afya ya umma. Kwa Toronto ni maafisa wa idara ya afya ya jiji, Toronto Public Health. Sheria ndogo za jiji zina maafisa wake wa jiji. Hawa si askari wa kusimama kila kona. Wanakagua maduka yanayouza sigara, shule, migahawa, hospitali na majengo ya kupanga katika jiji la watu karibu milioni tatu.

Sasa fikiria sigara moja. Inamalizika ndani ya dakika chache. Mzazi akimwona mtu anavuta kando ya bembea na akapiga simu, afisa atakapofika mtu huyo ameshaondoka, na aliyebaki pale ni mtu mwingine anayekula ndizi. Ili afisa aandike tiketi, kwa kawaida anatakiwa aone mwenyewe na ajue anayempa tiketi ni nani. Kwa hiyo mahali pa wazi pasipo na mlinzi wala mwenye nyumba, tiketi ni chache. Huo ni ukweli, na hakuna faida kuwaficha.

Wengi wetu tumeona jambo hili kabla ya kufika hapa. Kenya ilipitisha sheria yake ya kudhibiti tumbaku mwaka 2007, ikaanza kutumika Julai 2008, na tangu hapo aliyevuta barabarani Nairobi nje ya sehemu iliyotengwa alijua anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi sita. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka 2015, ikaanza kutumika Mei 2016, na ikakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Mita 50 Kampala! Ukisimama katikati ya mji, ni vigumu kupata mahali palipo mbali kiasi hicho na duka, ofisi au kituo cha teksi. Adhabu kwenye karatasi ni kali kuliko za hapa. Lakini waliokaa Eastleigh au Kisenyi wanajua kwamba ukali wa karatasi na ukali wa barabarani ni vitu viwili.

Kwa nini basi mahali pengine inafanya kazi

Ukitembea kuanzia Parliament hadi Sherbourne utaona jambo la kushangaza kidogo. Uwanja wa wazi una vipande vya sigara chini ya kila benchi, lakini meza za nje za mgahawa hazina hata kimoja. Sheria ni ileile. Tofauti ni kwamba mgahawa una mwenyewe.

Sheria ya Ontario haimbani mvutaji peke yake. Inambana pia anayesimamia mahali. Mwenye mgahawa, mkuu wa eneo la kazi, kampuni inayomiliki ghorofa: kila mmoja anatakiwa aweke vibao milangoni, aondoe visahani vya majivu, awaambie watu kwamba hairuhusiwi, na ahakikishe anayekataa kutii haendelei kubaki pale. Asipofanya hivyo, faini inamwangukia yeye, na faini ya kampuni ni kubwa kuliko ya mtu mmoja. Mvutaji hupita na kwenda zake, lakini jengo lina anwani. Afisa akikosa mvutaji leo, kesho atamkuta mwenye jengo palepale.

Mfano mzuri ni shisha. Baraza la jiji la Toronto lilipiga kura mwaka 2015 kukataza shisha katika biashara zenye leseni ya jiji, na marufuku yakaanza tarehe 1 Aprili 2016. Wenye biashara walikwenda mahakamani wakashindwa, wakakata rufaa, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Ontario ikakubaliana na jiji. Jiji halikuhitaji kumfuata kila mvutaji na bomba lake. Lilimshika mwenye leseni. Anayehatarisha leseni yake hufikiri mara mbili.

Kwa hiyo tukiulizwa kama marufuku ya nje yanaweza kutekelezwa, sisi tunauliza kwanza: mahali hapo pana mwenye kuwajibika? Kama yupo, marufuku yana meno. Kama ni uwanja wa wazi usio na mtu, marufuku yanategemea vitu vingine: kibao, mazoea, na aibu.

Na tusidharau mazoea na aibu. Sheria hizi za nje hazikutegemea tiketi peke yake tangu mwanzo. Zinampa mzazi neno la kusema bila kugombana. Bila kibao, ukimwomba mtu asogee mbali na mtoto wako, ni wewe na yeye. Kukiwa na kibao, unaonyesha kibao. Wengi watasogea, wengine hata wataomba radhi. Atakayekataa, mwache, usimfuate, usipandishe sauti, mchukue mtoto usogee upande mwingine. Hakuna moshi unaostahili kupigana mbele ya watoto.

Hatari ya sheria inayotekelezwa mara chache

Kuna upande mwingine ambao mimi binafsi huwaeleza vijana wetu waziwazi. Sheria ambayo watu wengi wanaivunja na wachache wanaandikiwa tiketi huwa haiwaangukii wote sawasawa. Huwaangukia wanaoonekana. Mzee anayevuta peke yake nyuma ya jengo haonekani. Vijana sita waliosimama pamoja nje ya uzio wa shule wanaonekana kutoka mbali. Kwa hiyo kusema "mbona wote wanavuta" hakutakusaidia siku afisa atakaposimama mbele yako.

Wazazi, waambieni watoto wa sekondari mambo matatu. Kwanza, vepu ni sawa na sigara mbele ya sheria hii, hata kama haina moto na inanukia embe. Pili, kijana wa miaka 16 naye anaweza kuandikiwa tiketi akivuta kwenye eneo la shule. Kuwa mwanafunzi si kinga. Tatu, Ontario hairuhusu kumuuzia wala kumpa sigara, vepu au bangi mtu wa chini ya miaka 19.

Hilo la tatu linatuhusu sisi watu wazima pia. Kule tulikotoka, kumtuma mtoto dukani akaleta sigara moja ya baba ni jambo la kawaida. Hapa muuzaji haruhusiwi kumuuzia, na pia haruhusiwi kuuza sigara mojamoja; pakiti lazima iwe na sigara zisizopungua 20. Usimtume mtoto. Atarudi mikono mitupu, na anaweza kujiletea maswali dukani.

Ukipewa tiketi

Tiketi ya kawaida ya kuvuta mahali palipokatazwa ni karibu dola 305. Kesi ikienda mahakamani, sheria inaruhusu faini ya hadi dola 1,000 kwa kosa la kwanza na hadi dola 5,000 kwa kosa la kurudia. Familia inayoishi kwa posho ya mwaka wa kwanza inajua dola 305 ni nini: ni chakula cha wiki kadhaa.

Ikitokea, fuata haya:

Usikimbie. Toa jina lako la kweli na kaa kwa utulivu. Afisa wa afya hakuja kukufukuza nchini.

Usimpe afisa pesa mkononi, hata kama huko ulikopita ndivyo mambo yalivyomalizika. Hapa tiketi yenyewe si kesi ya jinai, lakini kumpa afisa hongo ni jinai. Usigeuze kosa dogo kuwa kubwa.

Usiitupe karatasi. Una siku 15 kujibu. Nyuma ya tiketi kuna njia tatu: kulipa, kuomba kukutana na mwendesha mashtaka ili mzungumze kuhusu kupunguza, au kuomba kesi isikilizwe. Ukihitaji mkalimani wa Kiswahili kwenye kesi, andika hivyo unapojibu. Ukikaa kimya, unaweza kuhukumiwa bila kuwepo, gharama zikaongezeka, na deni likapelekwa kwa wakusanya madeni.

Watu wengi hutuuliza kama tiketi hii itaharibu ukaazi au uraia wao. Tiketi ya sigara ni kosa la sheria ya jimbo, si hukumu ya jinai. Kinacholeta matatizo ni kuiacha bila kuijibu, au kusema uongo kwenye fomu yoyote baadaye.

Balkoni: mahali marufuku hayafiki

Sasa tufike kwenye malalamiko makubwa kuliko yote ya majengo yetu. Ghorofa za St. James Town zimesongamana, na moshi hupanda. Aliye chini anavuta kwenye balkoni yake, aliye juu anafunga dirisha mwezi wa Julai huku mtoto wake mwenye pumu anakohoa.

Sheria ya Ontario inakataza kuvuta kwenye sehemu za pamoja za ndani ya jengo. Haikatazi kuvuta ndani ya nyumba yako wala kwenye balkoni yako binafsi. Ukipiga simu kwa jiji kulalamika juu ya balkoni ya jirani, huenda ukaambiwa hawana la kufanya. Lakini hii haina maana kwamba hakuna kitu kabisa.

Angalia mkataba wako wa kupanga. Mkataba wa kawaida wa Ontario, unaotumika tangu tarehe 30 Aprili 2018, una sehemu ya 10 inayohusu kuvuta. Hapo mwenye nyumba na mpangaji wanaweza kuandika kwamba hairuhusiwi kuvuta ndani ya nyumba au kwenye balkoni. Kama imeandikwa na wewe umesaini, umekubali. Kabla ya kusaini, tuletee tukusomee sehemu hiyo.

Hata kama mkataba haukusema kitu, kila mpangaji ana haki ya kuishi kwa utulivu katika nyumba yake. Moshi ukiingia kwako mara kwa mara, andika tarehe na saa kwenye daftari. Mwandikie mwenye nyumba barua au barua pepe, ubaki na nakala. Kumwambia msimamizi wa jengo kwa mdomo kwenye lifti hakutoshi, kwa sababu hakuna ushahidi. Mwenye nyumba asipofanya lolote, mpangaji anaweza kufungua fomu ya T2 kwenye bodi ya wenye nyumba na wapangaji, Landlord and Tenant Board. Na mpangaji ambaye moshi wake unawasumbua wengine kupita kiasi anaweza naye kupelekwa kwenye bodi hiyo na mwenye nyumba, na kufika hatua ya kupoteza nyumba. Ni njia ndefu. Ndiyo maana tunashauri kwanza kubisha mlango wa jirani kwa adabu, mchana, bila hasira. Mara nyingi jirani hajui kwamba moshi wake unafika kwako.

Moto wa 2010

Kuna sababu moja kubwa zaidi ya kuzungumza juu ya balkoni, na wakazi wa zamani wa mtaa huu hawajaisahau. Tarehe 24 Septemba 2010, moto uliwaka kwenye ghorofa ya 24 ya jengo la 200 Wellesley Street East. Zaidi ya watu elfu moja walitolewa kwenye nyumba zao, na wengi hawakurudi kwa wiki nyingi. Wachunguzi wa moto wa Ontario walisema chanzo kinachoelekea zaidi ni sigara iliyotupwa ikiwa bado na moto kutoka juu, ikaangukia kwenye balkoni ya nyumba iliyojaa karatasi na vitu vingi.

Fikiria hilo kwa utulivu. Hakuna afisa ambaye angeweza kuona mkono ule ukitupa sigara. Hakuna kibao ambacho kingeizuia. Hapa ndipo swali la utekelezaji linapoishia, na jukumu letu wenyewe linapoanza. Wengi wetu tulikimbia moto wa aina nyingine. Hatukuja hapa kupoteza nyumba kwa kipande cha sigara.

Kwa hiyo, anayevuta na asiyevuta, fanyeni haya:

- Usitupe kamwe kipande cha sigara kutoka kwenye balkoni au dirishani, hata ukidhani kimezimika.
- Usizimie sigara kwenye chungu cha maua. Udongo wa dukani una vitu vinavyoweza kuungua polepole kwa saa nyingi. Tumia kopo la bati lenye maji au mchanga.
- Usigeuze balkoni kuwa stoo. Magodoro, maboksi, nguo kuukuu na mazulia ni kuni zinazosubiri.
- Hakikisha king'ora cha moshi ndani ya nyumba kinafanya kazi. Kukizima ili kisilie unapopika ni kosa, na ni hatari.
- Uliza kuhusu bima ya mpangaji. Bima ya mwenye jengo hailipi vitu vyako vikiungua au vikiharibiwa na maji ya zimamoto.

Unapotaka kulalamika

Piga 311. Ni namba ya huduma za jiji, si polisi wala uhamiaji. Sema neno "Swahili" na usubiri mkalimani. Malalamiko yanayosaidia ni yale yanayoeleza mahali na wakati unaojirudia: "Kila siku ya shule kati ya saa tisa na saa tisa na nusu alasiri, watu wanavuta kwenye geti la upande huu." Afisa akipata habari ya namna hiyo anajua aje lini. Malalamiko ya "jana nilimwona mtu mmoja" hayampi cha kufanya. Kumbuka kumpa mkalimani saa kwa hesabu ya hapa: saa tisa yetu alasiri ni saa tatu yao.

Kama tatizo ni korido, ngazi au mlango wa jengo lenu, mwandikieni mwenye nyumba kwanza, wapangaji kadhaa kwa pamoja. Mkumbusheni kwamba vibao na utii kwenye sehemu za pamoja ni wajibu wake kisheria. Barua moja yenye majina kumi ina uzito kuliko simu kumi.

Na kwa wanaotaka kuacha

Hatumhukumu anayevuta. Wengine walianza kambini, ambako siku zilikuwa ndefu na usingizi haupo, na sigara ilikuwa rafiki pekee wa bei nafuu. Kama unataka kuacha, mwambie daktari, muuguzi au mfamasia wako. Kuna programu inayoitwa STOP, inayoendeshwa na hospitali ya CAMH kupitia zahanati nyingi za Ontario, ambayo hutoa bure dawa za kupunguza hamu, kama viraka vya kubandika kwenye ngozi. Mtu anaweza kujaribu mara nyingi kabla ya kufaulu, na hakuna aibu katika hilo.

Marufuku ya nje basi si kibao kitupu, na pia si askari aliyejificha nyuma ya mti. Yana nguvu pale yanapomshika mwenye mahali, yana nguvu ndogo uwanjani, na kwenye balkoni tumeachiwa sisi. Ukipata tiketi, barua ya mwenye nyumba au karatasi ya bodi usiyoielewa, ilete ofisini. Usisubiri miadi yako ya mwezi ujao, kwa sababu siku 15 huisha haraka.